Maswali ya Wasomaji: Uyoga wa kichuguuni

SWALI: Kichuguu cha nyuma ya shamba kimejaa uyoga mweupe. Wazee wanasema ukichemshwa na kitunguu saumu, nacho kisigeuke rangi, ni salama. Tena wadudu wameshautoboa. Tule? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Kitunguu hakijui sumu, na konokono hula bila kudhurika uyoga unaomuua mtu. Kuota kichuguuni nako hakutoshi.

Usinyofoe, chimba kwa kisu. Shina la uyoga wa mchwa, ule wa kichuguuni unaolika, huendelea chini ya udongo kama mzizi mrefu, likielekea kwenye makazi ya mchwa, na katikati ya kofia pana chuchu ngumu inayotoboa ardhi. Ukinyofoa, mzizi hukatika. Kibaya zaidi, kifuko cha Amanita (jamii ya uyoga ambayo baadhi yake huua), kile kama ganda la yai lililopasuka kwenye kitako cha shina, hubaki ardhini. Ukikiona kifuko, tupa. Wapo Amanita wanaolika kwenye miombo, lakini hao waachie waliowazoea tangu utotoni.

Anayewaponza wengi ni uyoga wa sumu uitwao Chlorophyllum molybdites: kofia nyeupe yenye magamba ya kahawia, pete inayosogea juu na chini, kitako kilichovimba, mzizi hakuna. Zile kurasa za chini ya kofia huwa nyeupe uyoga ukiwa mchanga, zikaja kuwa za kijani baadaye. Kwa hiyo kata shina la uliokwisha kufunguka, laza kofia, kurasa zikitazama chini, kwenye karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, funika kwa bakuli hadi asubuhi. Vumbi litakaloangukia karatasi likiwa la kijani, ni huyo. Jeupe, usile. La waridi hafifu ni la uyoga wa mchwa, ila upo na uyoga wa sumu wenye vumbi la waridi. Ndiyo maana mzizi, chuchu na waridi lazima vikutane. Hata hapo, mara ya kwanza mwonyeshe mchumaji mzoefu.

SWALI: Mtu akitapika baada ya kula uyoga, maziwa yanasaidia? (Msomaji, Songea)

JIBU: Hapana. Mpelekeni hospitali na mabaki ya uyoga, mabichi kama yapo. Kutapika ndani ya saa 1 hadi 3 mara nyingi ni sumu ya tumbo. Kukianza baada ya saa 6 au zaidi, hofieni ini. Mgonjwa wa namna hiyo hupata nafuu siku ya pili, familia ikamrudisha nyumbani, kumbe ini linaendelea kuharibika.