Kitufe cha "NGOMENI" hakishiki

SWALI: Fundi, natengeneza ramani ya Mombasa ya kufundishia watoto, kwa Adobe Animate (programu ya picha zinazosonga), aina ya HTML5 Canvas, ile inayofunguka kwenye kivinjari. Kitufe cha maandishi NGOMENI hushika nikilenga herufi zenyewe tu. Halafu picha ya Fort Jesus iko fremu ya 10, nami nimeandika gotoAndStop(10), yaani nenda fremu hiyo usimame, lakini hutokea feri ya Likoni iliyo fremu ya 11. Nimekosea wapi? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndugu yangu, la fremu ni jepesi: skrini inahesabu kuanzia 1, lakini msimbo wa Canvas unaanzia 0. Andika 9.

La herufi ndilo lenye kazi. Simboli ya kitufe ina fremu nne: Up (kimetulia), Over (kipanya kiko juu yake), Down (kimebonyezwa) na Hit. Hit haionekani kamwe. Kazi yake ni kuiambia programu wapi paguswe. Ukiiacha tupu, programu hushika wino wa herufi peke yake, na tundu la O ni shimo kwelikweli.

Bofya kitufe mara mbili uingie ndani, chagua Hit, bonyeza F6. Herufi zitanakiliwa hapo, ziache zikusaidie kupima. Bonyeza R, chora mstatili uzifunike zote na kuzidi kidogo kila upande. Rangi yoyote, ila Alpha (kiwango cha kuonekana) isiwe 0, kwani Canvas haishiki kisichoonekana.

Ukubwa je? Kidole kinataka takriban pikseli 48. Lakini jukwaa (eneo lako la kuchorea) la upana wa 1280 likibanwa kwenye simu ya 360, kila kitu hupungua zaidi ya mara tatu na nusu. Kwa hiyo chora Hit yenye kimo cha 170 hivi, na uangalie isipande juu ya kitufe jirani. Over nayo usiitegemee. Kwenye simu hakuna kipanya cha kupita juu.

Kitufe kikiwa jukwaani, kipe jina kwenye Properties, mfano kitufeNgome, bila nafasi. Kisha bonyeza F9 ufungue dirisha la msimbo, uandike kwenye fremu ya kwanza:

this.stop();
if (!this.tayari) {
  this.tayari = true;
  this.kitufeNgome.addEventListener("click", function () {
    this.gotoAndStop(9);
  }.bind(this));
}

Ukisahau .bind(this), kitufe kitabonyea lakini ramani haitasogea. Hiyo "tayari" nayo si pambo: bila yake, kila mtoto akirudi mwanzo msikilizaji mwingine (msimbo unaongojea bofyo) huongezwa, na siku ukiweka sauti, bofyo moja litalia mara tano.