Majina ya mtaani ya miwani

Ndugu, umeuliza kama neno "shades" linatosha kwa miwani ya jua kila panapozungumzwa Kiingereza. Marekani linatosha kabisa. Australia na New Zealand watakuelewa, ila wao husema "sunnies", maana wanapenda sana kufupisha maneno. India ukisikia "goggles" usidhani ni za kuogelea, mara nyingi ni miwani ya jua tu. Jamaika ni "darkers".

Ninalolipenda zaidi ni la London, la miwani ya macho. Waingereza huiita "specs", basi watu wa East End, yaani mashariki mwa London, kwa mchezo wao wa vina, wakaigeuza "Gregory Pecks", jina la mwigizaji wa Hollywood! Ila dukani wewe tumia "specs".