Sukuma ya Gunia Yakauka Upande wa Chini

SWALI: Naishi kwenye ploti ya kupanga Nyalenda, Kisumu. Nilijaza gunia udongo, nikapanda sukuma wiki ubavuni. Za juu zimestawi, za chini zinakauka. Nakosea wapi?

JIBU: Maji hayafiki chini. Udongo ukishindiliwa, maji hutoroka kwenye matundu ya juu. Dawa ni nguzo ya mawe katikati, na hiyo haitiwi baadaye. Pole, itabidi umwage uanze upya.

Changanya madebe mawili ya udongo kwa debe moja la samadi iliyooza; mbichi huunguza mizizi. Simamisha kopo la lita 2 lisilo na kitako katikati ya gunia la kilo 90, ulijaze mawe ya ukubwa wa limau, uzungushie udongo, kisha uvute kopo juu na kurudia hadi juu. Kokoto ndogo huzibwa na udongo. Mwagilia, uache siku tatu utulie, ndipo utoboe matundu ya kupishana, sentimita 15 kati yake. Miche 30 yatosha. Wanaobana 50 huvuna majani kama vidole.

Maji yamiminwe juu ya mawe, asubuhi na jioni. Ya kuoshea mboga yanafaa. Ya mtaroni kamwe, hata kiangazi: yana vinyesi, na watoto ndio watakaougua.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, mpangaji akiwemo. Hata hivyo, elewana na mwenye ploti kabla ya kujaza: gunia lililojaa halisogezwi.