Kigugumizi na kipaza sauti cha stesheni

Ndugu yangu, unatangaza treni hapo Tabora na neno "Kigoma" linakukwama abiria wakisikiliza. Nakuelewa, nami nina kigugumizi na nafundisha darasani.

Usilikwepe hilo neno. Ukilikwepa hofu inazidi, na abiria wa Kigoma atapanda treni ya Mwanza! Toa pumzi kidogo, anza K kwa ulimi mwepesi, vuta silabi ya kwanza. Ukikwama, tulia, rudia polepole. Mwambie msimamizi wako mapema; kuficha kunachosha kuliko kigugumizi chenyewe.

Atakayetaka kukukata chini ya ulimi eti kuponya kigugumizi, mkatalie. Omba rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, hata ukubwani anasaidia. Ila kama kimeanza ghafla juzijuzi, hasa baada ya kuumia kichwa, wahi hospitali.