Kapasita ya seramiki kwenye pini ya 5 ya LM331: usithubutu

Mkuu wa Makambako, zima hiyo lehemu kwanza. Umesema unataka chipu ya LM331 igeuze volti za sensa ya joto kuwa masafa (idadi ya mapigo kwa sekunde) ili Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta, ihesabu mapigo, ukauliza habari za waya mrefu na paua sapulai, halafu ukapitisha kimyakimya kwamba pini ya 5 utaweka "103 yoyote", yaani kapasita yoyote ya nanofaradi 10. Waya tutauongelea baadaye. Hapo kwenye 103 ndipo utakapolia.

Nilifunga mita ya aina hiyo kwenye chumba cha baridi cha parachichi huku Njombe. Muuza vipuri aliniapia: "Fundi, 103 ni 103, hizo za bei wanakuibia tu." Mtu anauza kapasita miaka nenda rudi na hajui anauza nini! Nikachukua seramiki ya bei rahisi. Mezani namba zilitulia vizuri. Bodi ilipokaa ndani ya baridi, mita ikaanza kusoma joto ambalo halipo. Kompresa ikaambiwa endelea. Chumba kikazidi kupoa, kapasita nayo ikazidi kupotea, mita ikasoma juu zaidi. Tulipopasua parachichi, nyama ilikuwa ya kijivu hadi kwenye kokwa. Mzigo mzima wa mteja.

Sababu ni hii. Kila pigo la LM331 linadumu 1.1 × Rt × Ct; Rt ni rezista, Ct ndiyo hiyo kapasita ya pini ya 5. Kwa kilo-omu 6.8 na nanofaradi 10 ni kama mikrosekunde 75. Ct ikipungua, kila pigo linabeba chaji kidogo, kwa hiyo chipu inalazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa volti zilezile. Seramiki ya daraja la Y5V, ile ya bei rahisi, inaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 ya thamani yake kati ya nyuzi −30 na 85. Hata daraja la X7R linalosifiwa ni asilimia 15 juu au chini. Wakati huo LM331A, toleo sahihi zaidi la chipu hiyo, yenyewe haihami zaidi ya sehemu 50 kwa milioni kwa kila nyuzi moja! Unanunua usahihi kisha unautupa kwa kipuri cha bei ya pipi.

Kama huniamini, ingiza volti zisizotikisika, sogeza ncha ya lehemu karibu na kapasita bila kuigusa, tazama namba zinavyokimbia. Na usinidanganye kwamba utarekebisha kwa poteshomita, ile rezista ya kuzungusha. Utakuwa unaizungusha kila asubuhi ya Julai, na mchana unairudisha.

Weka seramiki ya daraja la C0G, au kapasita ya plastiki ya polistairini au polipropilini. Basi. Ukikosa dukani, nenda kwa mafundi TV wa Mwanjelwa, Mbeya, waombe mabodi mabovu ya TV za kichogo. Kando ya transista ya horizontali kuna polipropilini za volti 1600, nyingine ni nanofaradi 10 kabisa. Ni kubwa, bodi yako itakuwa na kitambi, lakini hazihami. Pima kwanza kabla ya kuchomea, na rezista za Rt, RL na Rs kwenye mchoro wa LM331 ziwe za metali filamu, asilimia 1.