Trifala, giloi na manjano kwa mwenye mafuta kwenye ini

Ndugu, umeuliza kama mama yako, ambaye tumbo humjaa gesi kila akila na ambaye amekutwa na mafuta kwenye ini, anaweza kutumia trifala, giloi (mmea wa dawa utambaao) na vidonge vya manjano kwa pamoja. Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, hutanguliza chakula: mlo mkuu uwe wa mchana, na baada yake anywe takra, yaani mtindi uliopigwa kwa maji, ukaondolewa siagi, kisha ukatiwa bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa. Trifala, unga wa matunda ya amalaki, bibitaki na haritaki, hulainisha choo, akiharisha, aiache. Giloi mimi nisingempa kabisa, kwani mwaka 2021 madaktari wa Mumbai walichapisha taarifa za wagonjwa walioumia ini baada ya kuitumia. Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno, lakini vidonge vyake, hasa vilivyochanganywa na pilipili manga ili yafyonzwe zaidi mwilini, vimehusishwa na madhara ya ini nchini Italia na Marekani. Macho yakiwa ya njano, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya mkandaa, aache vyote na awahishwe hospitali siku hiyo hiyo.