Usianze na Homer, anza na Plutarch

Ndugu, umesema umemaliza Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, na sasa unataka kujua Wagiriki na Warumi waliingiaje humo, uanze na Homer, yule mshairi wa kale wa Kigiriki, au la. Homer mwache kwanza, ni mrefu na hahusiki sana hapa.

Tafuta Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya wakubwa wa Ugiriki na Roma. Thomas North alimtafsiri kwa Kiingereza mwaka 1579, akitumia tafsiri ya Kifaransa ya Jacques Amyot, na hicho ndicho kitabu alichokitumia Shakespeare. Soma maisha ya watu watatu tu: Kaizari, Brutus na Antonius.

Weka tamthilia karibu nawe ukisoma, ulinganishe. Portia kujikata paja ili mumewe, Brutus, amwamini na kumwambia siri yake? Imo kwa Plutarch. Cinna mshairi, anayeota kaalikwa na Kaizari chakula cha usiku, kisha anauawa na umati kwa kufanana jina na mmoja wa wapinzani wa Kaizari? Imo pia, ndoto na yote. Lakini fika kwenye mazishi ya Kaizari uone: Plutarch anasema kwa ufupi kwamba Antonius alisifu marehemu, akachanganya na maneno ya huruma, akaonyesha nguo zenye damu. Basi. Ile hotuba ndefu ya kuwageuza watu kidogo kidogo ni kazi ya Shakespeare mwenyewe, na kwangu mimi ndipo alipomzidi Plutarch, mwalimu wake.

Ukimaliza hapo, nenda kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, kisa cha wapenzi Piramo na Thisbe. Utamkumbuka Romeo wa Shakespeare, yule wa Romeo na Juliet, mara moja.